Mtoto Wako Humwambia Nani?

Ilikuwa Jumamosi ya kufua. Mke wangu alikuwa msibani Kigamboni, akaniachia ndoo mbili, sabuni ya mche na lundo la sare za shule. Nilipogeuza mfuko wa suruali ya mwanangu wa kidato cha pili ili nikung'ute mchanga, kilianguka kipakiti kilichochanwa pembeni kwa meno. Ndani mlibaki chembechembe za kuberi, ile tumbaku ya kutafuna ambayo vijana huibana chini ya mdomo na kukaa nayo hata darasani. Mwanangu alikuwa na miaka 15.

Nilifanya kile ambacho baba yangu angefanya. Nilimwita, nikamuuliza mara moja, akasema ameiokota, nikavua mkanda. Usiku ule nililala vizuri. Niliamini mtoto ameonyeka na kazi yangu imekwisha.

Kilichofuata ni miezi mitatu ya adabu tupu. Asubuhi "shikamoo baba", jioni "shikamoo baba". Shule? Nzuri. Umekula? Nimeshiba. Ulikuwa wapi? Kwa kina fulani, tunasoma. Majirani wakamsifu, nami nikajisifu. Ilinichukua muda kung'amua kwamba adabu ile ilikuwa komeo. Kutoka kwenye mkanda wangu mtoto alikuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba baba si mtu wa kuambiwa.

Tunapozungumza kuhusu vijana na dawa za kulevya, huwa tunaanzia mwisho wa safari. Tunamwona teja kituo cha daladala, ameinama, magoti yamekunjika lakini haanguki, tunasema "masikini, mtoto wa watu", tunapanda gari. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, imekuwapo katika pwani yetu tangu miaka ya 1980, na njia yake kubwa siku hizi ni majahazi yanayovuka Bahari ya Hindi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ikawa ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga. Kila siku waraibu hupanga foleni pale, hupewa kikombe kidogo, na dawa hunywewa mbele ya mhudumu.

Ni kazi kubwa, na wanaoifanya wanastahili heshima yetu. Lakini walio wengi katika foleni ile hawakuanza na unga. Walianza na sigara, na bia ya kuonjeshwa, na msokoto wa bangi, wakiwa bado wana begi la madaftari mgongoni. Kwa jirani zetu Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya nchi hiyo ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta watu walioonja tumbaku wakiwa na miaka 6 na pombe wakiwa na miaka 7. Miaka 6 ni mtoto ambaye bado anavalishwa viatu.

Umri wa kuanza una uzito kuliko tunavyodhani. Bridget Grant na Deborah Dawson, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997, waliona kwamba kati ya watu walioanza kunywa pombe kabla ya kutimiza miaka 15, takriban 40 kwa kila 100 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Kwa wale walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa kama 10 kwa kila 100. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kusema "hapana, ngoja kwanza", huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Kwa hiyo mzazi hapigani vita ya milele. Anapigania miaka michache. Kila mwaka anaofaulu kuusogeza ule mvuto wa kwanza ni mwaka aliomkinga mwanawe, hata kama kijana huyo atakuja kuonja akiwa mtu mzima.

Atausogezaje? Jibu tulilozoea ni kufuatilia. Kagua begi, nusa shati, pekua simu. Hata watafiti kwa miaka mingi walisema vivyo hivyo: waliona kwamba kijana ambaye wazazi wake wanajua yuko wapi na yuko na nani huwa mbali na ulevi, wakahitimisha kuwa ulinzi wa mzazi ndiyo kinga. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wao wa vijana zaidi ya 700 wa miaka 14 huko Sweden, pamoja na wazazi wao. Waliuliza swali dogo ambalo wenzao walikuwa wamelipita: huyo mzazi anayejua, amejuaje? Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya habari haikutoka kwenye maswali ya mzazi wala kwenye masharti yake. Ilitoka kwa mtoto mwenyewe, aliyesimulia kwa hiari yake bila kuhojiwa. Mzazi alijua kwa sababu aliambiwa.

Niliposoma matokeo hayo nilizikumbuka zile "shikamoo baba".

Aliyeambiwa nyumbani kwetu hakuwa mimi. Mwaka uleule mama yangu alikuja kutoka Pangani kutolewa mtoto wa jicho. Nyumba yetu ni ndogo, akalala chumba cha wajukuu. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na tangu kijana huyu akiwa na miaka miwili bibi yake humwita "mume wangu" na kumdai hela ya mboga. Baada ya upasuaji ilibidi atiwe matone ya dawa mara nne kwa siku, na kazi hiyo akapewa mumewe. Bibi analala chali, anatiwa dawa, anafumba macho, mjukuu anakaa pembeni akisubiri matone yatulie. Dakika kumi, mara nne kwa siku, kwa wiki kadhaa. Nadhani mtu aliyefumba macho ni rahisi kumwambia mambo.

Siku moja mama aliniita uani.

"Mwanangu," alisema, "mume wangu anakaa na watu waliomzidi umri, kwenye pagale lile la nyuma ya shule. Bangi ameshavuta mara mbili. Kuacha kwenda anaogopa, wanajua anapokaa. Wewe usimguse. Kuanzia kesho mfuate shuleni."

Nikamuuliza kama kuna mengine aliyoambiwa. Akanijibu kwamba hayo mengine ni ya mke na mume.

Kazini nilibadilishana zamu kwa wiki tatu, nikawa namsubiri getini. Wiki ya kwanza tulitembea kimya, yeye mbele hatua mbili. Ya pili alianza kunieleza habari za Simba na Yanga, na mimi ambaye si mtu wa mpira nikajitahidi kukumbuka nani amefunga. Wiki ya tatu, tulipokuwa tunalipita lile pagale, alisema mwenyewe, bila kunitazama, "Baba, pale ndipo nilipokuwa nakaa." Nikasema, "Nashukuru umeniambia." Sikuongeza neno, na namshukuru Mungu kwamba sikuongeza.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza sana kuhusu hekima ya malezi ya pwani ambayo tumeiacha bila hata kujua tulikuwa tunaacha nini. Wazee wetu hawakutarajia kijana amwambie baba yake kila kitu. Kati ya mzazi na mtoto kulikuwa na haya, na haya ile ilikuwa heshima. Lakini kwa kuwa walijua hivyo, waliweka mlango wa pembeni. Binti alikuwa na somo yake. Kijana alikuwa na kungwi wake jandoni. Shangazi alikuwa mtu wa kusema naye, mjomba alikuwa mtu wa kukimbilia ukiharibu, na bibi na babu walikuwa watani ambao unaweza kuwatania hadi jambo zito likatoka likiwa limevaa nguo ya mzaha. Siri ya mtoto ilikuwa na mahali pa kwenda, na mahali hapo palikuwa ndani ya ukoo.

Sisemi turudi jandoni na unyagoni kama kulivyokuwa. Kulikuwa na mambo kule ambayo ni vizuri yamekwisha. Ninachosema ni kwamba mlango ule wa pembeni tuliuziba na hatukufungua mwingine. Leo familia inaishi chumba na sebule Mbagala au Chanika. Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, anarudi saa tatu usiku akiwa hoi kwa foleni. Mama yuko sokoni au genge lake lina wateja hadi usiku. Shangazi yuko Tabora, anaonekana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo siku za harusi na misiba. Wenye uwezo wanampeleka mtoto bweni wakiamini ukuta wa shule ni mzazi. Halafu mtoto akiharibika tunaitoa ile methali ya asiyefunzwa na mamaye, tunamtupia mama peke yake, kana kwamba baba alikuwa mpangaji. Nimehudhuria vikao vingi vya wazazi shuleni, na viti vya mbele huwa vimejaa kanga na mitandio. Sisi akina baba tukija, tunakaa karibu na mlango.

Na siri haikai bila mwenyewe. Yule kijana wa miaka 22 anayeshinda pagaleni ana kitu ambacho mimi sikuwa nacho, nacho ni muda. Hana haraka. Hapigi. Akimwona mtoto amenuna humuuliza, "Vipi mdogo wangu, nani kakuudhi?" Anamsikiliza hadi mwisho. Msokoto wa kwanza hutolewa bure, kwa upendo kabisa, na mtoto ambaye nyumbani hajaulizwa swali kama hilo kwa mwezi mzima hawezi kuuona kama sumu. Anauona kama ukaribisho. Wazazi wengi hudhani muuza bangi humshinda mzazi kwa hela au kwa uganga. Humshinda kwa kukaa naye.

Najua wako watakaosema mtoto bila fimbo hakui. Watanikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo naiheshimu, ila naomba isomwe tena polepole. Inazungumzia mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe. Haitaji mkanda wala bakora. Mtoto hulia pia akinyimwa simu usiku, akikatazwa kwenda mkesha wa muziki, akiambiwa rafiki fulani asimfuate tena. Machozi hayo ndiyo tusiyopaswa kuyachelea. Kama kipigo pekee kingekuwa kinga, nchi yetu isingekuwa na teja hata mmoja, kwa sababu utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana wa Tanzania walikuwa wamepigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Kuna ushahidi wa upande wa pili, tena wa hapa hapa Afrika. Katika Jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, kundi la watafiti wakiongozwa na Lucie Cluver lilijaribu mpango wa malezi uitwao Sinovuyo, neno la Kixhosa lenye maana ya "tuna furaha". Familia 552 kutoka vijiji na vitongoji 40 zilishiriki, zote zikiwa familia ambazo mzazi na kijana walikuwa katika mgogoro. Sehemu yao walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 14, mara nyingi mzazi na kijana pamoja, wakiongozwa na watu wa kawaida wa maeneo yao. Walijifunza mambo ambayo ukiyasikia unaweza kuyadharau: kutenga muda wa kukaa na kijana bila kumkaripia, kusifu, kutuliza hasira kabla ya kusema, kuweka masharti kwa makubaliano, kupanga matumizi ya nyumba pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kipigo na matusi vilipungua, na matumizi ya pombe na dawa yakapungua kwa vijana na kwa wazazi wao vilevile. Mpango huo ulikuja kufika Tanzania kwa jina la Furaha Teens.

Jambo lililonigusa zaidi ni hilo la wazazi wenyewe kupunguza ulevi. Huwa tunawahubiria watoto tukiwa na chupa mezani. Nani kati yetu hajamtuma mtoto dukani, "kaniletee sigara moja na kiberiti"? Sheria ya mwaka 2003 ya bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini muuza duka anamjua mtoto, anajua ni ya baba, anampa. Mtoto anaijua bei, anaijua harufu, anajua rangi ya pakiti, na amekwisha kuona kwamba ndicho kitu cha kwanza baba anachokitafuta akiwa na mawazo. Tumemfundisha somo zima kabla mtu wa pagaleni hajafungua mdomo. Mimi sivuti, lakini bia nilikuwa nikimtuma anifuatie kwa jirani. Nimeacha kumtuma.

Nisieleweke kwamba mzazi awe rafiki wa kuchekacheka tu. Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezifuatilia familia za California kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1991 kwamba vijana waliokuwa mbali zaidi na dawa hawakuwa wa wazazi wakali wala wa wazazi waliowaachia. Walikuwa wa wazazi wenye masharti mazito na mapenzi mazito kwa wakati mmoja. Saa ya kurudi nyumbani iwepo. Isemwe mapema, isemwe na sababu yake, na ikivunjwa kuwe na adhabu ambayo mtoto aliijua tangu mwanzo. Mtoto anayejua mpaka uko wapi huweza hata kuutumia kama kisingizio mbele ya wenzake: "Mzee atanimaliza, mimi naondoka." Wangapi wameokoka kwa kumsingizia baba!

Mzazi mmoja hawezi kuushikilia mpaka huo mtaa mzima ukiwa umeuvunja. Iceland walilijua hilo. Mwaka 1998, kati ya vijana wao wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walisema wamelewa katika mwezi uliopita. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5, na waliowahi kuvuta bangi walishuka kutoka asilimia 17 hadi 7. Serikali ilikataza vijana wadogo kununua tumbaku na pombe, ikapiga marufuku matangazo yake, ikaweka saa ambazo watoto hawaruhusiwi kuwa nje usiku. Fedha ziliwekwa kwenye michezo na muziki. Lakini kilichonivutia ni wazazi wa shule moja kukaa pamoja na kutia sahihi mapatano: hakuna nyumba itakayoruhusu sherehe ya watoto bila mtu mzima, hakuna atakayemnunulia pombe mtoto wa mwenzake, na usiku wa mwisho wa wiki wanapita mitaani kwa zamu, si kukamata, kuonekana tu. Hao wana utajiri ambao sisi hatuna. Hata hivyo kutembea mtaani kwa zamu hakuhitaji bajeti, na sisi tulikuwa na desturi ambayo mtu mzima yeyote alimuuliza mtoto yeyote, "wewe mtoto wa nani, mbona hujaenda shule?" Siku hizi ukimuuliza, mama yake anakuja kukugombeza.

Viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017, mzazi alipata msaada ambao peke yake asingeupata: pombe ya bei ya pipi, inayoingia kwenye soksi, iliondolewa madukani. Serikali ikifanya sehemu yake, mzazi hupumua. Wenzetu wa Mombasa walisikika wakilia jambo hilohilo mwaka 2024, kaunti yao ilipotangaza marufuku ya muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, na suala likafika mahakamani.

Na kama mtoto ameshaingia? Hapa ndipo wazazi wengi wanapofanya kosa ambalo mkanda wangu si kitu mbele yake. Wanamfukuza. "Sina mtoto teja," nguo zinatupwa nje, mlango unafungwa. Kwa usiku ule, watu pekee waliobaki duniani wanaompokea ni wale wa pagaleni. Uraibu ni ugonjwa wa ubongo, na una matibabu. Aliyenasa kwenye heroini, methadoni ipo, na inatolewa bure katika kliniki za umma. Kwa bangi, pombe au vidonge hakuna kikombe cha methadoni; hapo kazi hufanywa na ushauri nasaha, na kwa wengine nyumba za upataji nafuu. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, Tanzania na Kenya, bure, na Kenya wana 1192 ya NACADA kwa ushauri wa uraibu. Anayetaka kupiga lakini anaona aibu majirani watajua, nimwambie kwa heshima kwamba majirani walijua kabla yake. Mzazi huwa wa mwisho.

Mwanangu sasa yuko kidato cha nne. Sijui kama hataonja tena, na hakuna baba wa kweli anayeweza kuapa hivyo. Mama yangu alisharudi Pangani, anaona vizuri, anatunga shanga bila miwani. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kijana huchukua simu yangu, hupiga, na kabla sijasikia zaidi ya "mke wangu, hujambo?" hutoka nayo uani na kurudishia mlango. Huongea nusu saa, wakati mwingine zaidi. Mimi hubaki sebuleni na mama yake tukikusanya vyombo. Jumamosi jioni huwa nahakikisha kuna dakika za kutosha.